Sikio la Kuazima

Mzee Dowse ana macho, ana mikono,
ana ruhusa ya kuchimba katika shamba la Bi Maltby.
Masikio hana.
Miaka arobaini chini ya injini za mabasi ya Lincoln
imemwachia uvumi tu, kama mtu aliyefunikwa debe kichwani.
Kwa hiyo Jumanne, nikishamfunga miguu bendeji,
visikilizi navaa mimi.

Kigunduzi nabeba mimi. Yeye hubeba sepeto
na mkate wa jibini mfukoni,
hunifuata kwenye mabua ya ngano iliyovunwa
akiutazama mkono wangu wa kushoto.
Ukiinuka, anapiga magoti.
Hayo magoti huchukua muda.

Amenifundisha lugha ya huko chini:
chuma hukoroma,
risasi husema neno moja zito, ikanyamaza,
shaba huita kwa sauti nyembamba, safi,
na kizibo cha soda, mwongo kuliko wote,
huita vilevile.

Hapa palikuwa kiwanja cha ndege za mabomu.
Zege lake lilibanduliwa, sasa ni njia ya kwenda kwa nguruwe.
Tumepata maganda ya risasi yenye kutu ya kijani.
Tumepata kijiko chenye tarakimu nne zilizokwaruzwa kwa msumari:
mtu aliyechoka kuibiwa kijiko.
Tumepata kifungo chenye ndege na taji,
kitundu cha uzi kimejaa udongo.
Bati la ndege, lililokunjika, tulilirudisha shimoni.
Hilo haliguswi, alisema, ni sheria,
akalikanyagia udongo mara tatu,
akavua kofia kujikuna kichwa,
au si kujikuna.

Mama yake alikuwa dobi wa marubani.
Ijumaa wanaleta, Jumatatu wanachukua.
Shati moja halikuchukuliwa.
Lilikaa kitini wiki sita, limepigwa pasi,
kisha mama akaikata mikono yake
akamvalisha mwanawe wa miaka minane, aende nalo shule.
Akifika hapo haongezi neno.
Huuliza kama chai imebaki.

Jumanne ya mwisho, kabla shayiri haijapandwa,
mvua ilikuja ubavu ubavu kutoka baharini,
midomo yake ikawa rangi ya bilinganya.
Ndipo nikaisikia.
Si mkoromo. Si uongo wa kizibo.
Ndefu, safi, inatoka mbali chini,
nikirudi nyuma ipo, nikisogea mbele ipo.
Mguu wangu ulisimama. Mkono haukuinuka.
Nikamgeukia nikatikisa kichwa:
hakuna kitu, twende.

Wahenga wanalijua sikio la kufa, lisilosikia dawa.
Sikio la kuazima, linalosikia likaficha,
hawakulisemea.

Garini, kipasha joto kikipuliza,
aliukata mkate, akanipa nusu kubwa,
akitazama mbele:
"Ulisimama."
Nikanyamaza. Kumnyamazia kiziwi ni kazi bure,
anasoma mabega.
"Mahali unapajua?"
Nikaandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
hatua kumi na moja toka mti wa miiba,
ukiuelekea mnara wa kanisa.
Akasoma mara mbili.
Akafuta kwa kiganja, kote, hadi pembeni,
kama kwamba kondoo nao wanajua kusoma.

Sasa shayiri imefika magotini.
Bi Maltby hataki unyayo hata mmoja hadi Julai.
Mzee ana miaka themanini na tisa.
Nafunga bendeji, mguu wa kulia kwanza,
naye anainua vidole: wiki tisa.
Jumanne iliyofuata, nane.
Hajawahi kuniuliza ilikuwa sauti gani.
Nadhani anaogopa nitamjibu.

Mimi narudi nayo nyumbani.
Naweka birika jikoni, nakata vitunguu,
na maji yanapoanza kuchemka,
kabla birika halijapiga mluzi,
mkono wa kushoto huinuka wenyewe.