Kielelezo cha Kumi na Nne

Baba alikuwa na koleo dogo, mpini umezungushiwa utepe mwekundu,
na kwa koleo hilo aling'oa vijino viwili vya plastiki
ndani ya mdomo wa mashine.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli. Hiyo tu.
Vijino viwili, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
vilivyopandwa kiwandani ili mchezo wa Osaka
usipate pa kukaa Sheffield.

Duka letu lilikuwa chini ya daraja la reli.
Treni ikipita, masanduku yalisukumana rafuni
kama watoto wanaozuia kicheko darasani.
Bango lilisema *Staniforth na Binti*,
ingawa binti nilikuwa na miaka tisa
na kazi yangu ilikuwa kulamba stempu.

Mama Chizuru alifika mwezi wa Februari, na koti lisilofaa.
Mgeni siku mbili. Ya tatu
baba akampa jembe lake: kamusi,
kalamu ya wino mweusi, na rundo la vijitabu
ambavyo mtaani kwetu hakuna aliyejua vishikwe upande gani.
Akavitafsiri jikoni, kati ya chumvi na bili ya gesi:
*Ruka shimo. Usiwaogope popo.*
*Ukifa, bonyeza tena.*
Na mwishoni neno lake mwenyewe,
ambalo kiwanda hakikuliandika:
*Mashine hii imezoea umeme mdogo.*
*Tafadhali tumia transfoma.*
*Imetoka mbali.*

Barua ya Kampuni ililetwa na mtu mwenye glavu.
Karatasi nzito; baba aliipapasa kwanza, kama kitambaa dukani,
ndipo akaisoma.
Chapa yao. Soko lao. Ruhusa yao, ambayo hatukuiomba.
Sisi tulidhani kitu kikishanunuliwa kimenunuliwa.
Tulilipa Osaka, tukalipa meli, tukalipa ushuru,
risiti zote zimo kwenye boksi la viatu.
Wakili wetu alilitazama lile boksi
akaomba chai.

London, chumba cha juu, madirisha hayafunguki.
Wakili wao aliinua karatasi ya mama kwa ncha za vidole:
Kielelezo cha Kumi na Nne.
"Bi. Staniforth, ulijua, basi,
kwamba mashine hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya nchi hii?"
Baba alitikisa kichwa, kidogo, kidogo sana.
Mama hakumtazama.
"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana niliandika."

Sijui kama kesi ilizama hapo.
Baba aliamini hivyo kwa miaka sita, bila kumwambia,
na mama aliosha vyombo akijua kwamba anaamini.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari.
Mahakama ililitaka: majina ya wateja, yote.
Mama alikuwa ameyaandika kwa herufi za kwao,
Gethin wa Merthyr, mapacha wa Aberdeen,
padri mmoja wa Lincoln aliyependa michezo ya mbio za magari,
na Kampuni ikalipa mtu wiki tatu
kuyarudisha kwa Kiingereza.
Hilo ndilo pekee lililomchekesha baba mwaka ule.

Masanduku yalipondwa Rotherham, mbele ya shahidi.
Tulipewa cheti.

Siku hizi Kampuni huuza mchezo uleule dunia nzima, kwa bei ya kahawa,
hauna sanduku, hauna kufuli ya kung'oa.
Niliununua. Nikajitupa shimoni makusudi
ili nisome watakachosema.
*Mhusika amefariki. Chagua Endelea.*
Nikazima.

Vile vijino baba hakuvitupa.
Vimo kwenye kopo la peremende, mia kadhaa,
kijivu, vimekatika vibaya.
Hakuna wakili aliyeuliza habari za kopo.
Mama huliweka dirishani, karibu na vitunguu,
na treni ikipita
vinatetemeka humo ndani.