Herufi Tatu

Al-Khoud, saa tatu usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Bi Zayana ametoka Ibra tangu alasiri.
Anataka nimweleze kwa Kiswahili, kile cha mama yake,
si Kiarabu cha makaratasi. "Hicho nimekwishakitia saini."

Namwandikia neno nyuma ya bahasha: anakulisha.
Jeni, namwambia, huandika kwa kirefu,
maneno na mapayo, maneno na mapayo,
na kabla nakala haijatoka chumbani mwa kiini
mkasi hupita: mapayo chini, maneno yaungwe.
"Nani anauambia ukate wapi?"
Seli yenyewe. Ya ini hubakiza kipande hiki,
ya ubongo hukiruka. Asili moja, kauli mbalimbali.

Nafunika herufi tatu kwa kidole gumba.
Anasoma: anakul... a. Anakula.
Ananyamaza.
Anakiinua kidole changu, anakirudisha.
Anakulisha.
Anakula.
"Na kitabu ni kile kile?"
Kile kile, Bi Zayana.

Zipo pia nakala zinazoungwa kombo makusudi,
nukta katikati ya sentensi,
ili zichanwe kabla hazijasomwa:
ndivyo seli inavyopunguza sauti ya jeni
bila kufuta hata mstari.
Anacheka. "Kama mimi na barua za shemeji."

Kisha hatucheki, maana Muhanna yuko kitanda cha sita,
miaka saba, damu ya mtu asiyemjua
ikimwingia tone kwa tone, kama kila wiki ya tatu,
na mkono wa pili umo ndani ya pakiti ya chipsi.
Kwake hakuna aliyechagua.
Herufi moja, ya tano baada ya mpaka,
ndani ya payo la kwanza,
pale ambapo hata neno hakuna,
imegeuka, na mkasi haujui tena pa kusimama.

"Nusu yangu, nusu ya baba yake,"
anasema kabla sijasema.
"Walituoza wakasema: damu moja haitupani."

Sina jibu la hilo kwa lugha yoyote.

Anaomba kalamu.
Chini ya neno langu anaziandika zile tatu peke yake,
i, s, h,
halafu anaongeza i moja, polepole,
kama anayejaza fomu ya mtoto,
anaikunja bahasha, anaitia mkobani
pamoja na risiti ya maegesho.