Msoma Mita wa Avlabari

Kazi yangu ni kusoma mita za gesi, mtaa wa Avlabari,
ngazi hamsini, ngazi sitini, daftari kwapani.
Mlango hata uwe wazi, hata supu inukie hadi ukumbini,
sivuki kizingiti bila hodi.
Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya:
naandika "hakuna mtu", nageuka, nashuka.
Hata gesi ya watu ina heshima yake.

Mwili wangu haukuwahi kubishiwa hodi.

Niliolewa. Nikavuliwa. Nikatiwa mimba,
nikapasuliwa, nikashonwa na daktari
aliyekuwa akimsimulia muuguzi habari za mpira,
nikaambiwa na mama mkwe: bado wa kiume.
Nikalaliwa Jumamosi na sikukuu.
Kila kitenzi kilinijia na ile -wa nyuma yake
kama kopo lililofungwa mkiani mwa mbwa.
Nilijua kutakwa. Kutaka, la.
Herufi moja tu yatenganisha,
na ndani ya herufi hiyo nilikaa miaka ishirini na sita.

Usiku Zauri akinyoosha mkono, mimi nilipanda darini,
kwenye ufa wa plasta wenye umbo la mto,
nikihesabu vijito vyake hadi akorome.
Sikumchukia. Hilo ndilo gumu kueleza.
Hakunipiga. Alileta mkate ungali moto.
Hakuuliza, nami sikujua kwamba swali lipo.

Alipohamia Batumi na mwenzake
majirani walikuja kama msibani, na keki.
Niliila yote peke yangu, kwa kijiko cha supu.

Februari mabomba ya nyumbani yakaganda.
Nikaenda kuoga Abanotubani, chini ya kuba za matofali,
kwenye maji ya moto yanukayo mayai viza.
Wanawake uchi wa kila namna,
makovu, matiti yaliyokwisha kazi yake, vicheko vya kwikwi.
Tsiala msuguaji, mikono minene kama ya mwokaji,
akanilaza juu ya jiwe, akavaa glavu yake ya kukwaruza.
Mgongo. Taka zikatoka nyuzinyuzi.
Kisha akafika pajani, akasita.

"Hapa niendelee, au niache?"

Nilidhani anamwuliza mwingine.
Nikageuza shingo. Nilikuwa mimi tu.

"Wewe watakaje, mama?"

Nikatafuta jibu kama mtu atafutaye miwani aliyoivaa.
Koo likanikauka katikati ya mvuke.
Nikasema: taratibu.
Akapunguza.
Nikasema: hapo, hapana.
Akaondoa mkono papo hapo, hakununa,
hakuniuliza nina nini siku hizi.
Nililia. Maji juu ya maji, nani angejua?
Lari ishirini, na sabuni juu yake.

Nikarudi na nywele mbichi, jirani akaguna: utakufa na baridi, wewe.
Nikatia komeo. Si kwa hofu.
Nikauambia mkono wangu mwenyewe: bisha kwanza.
Hodi, nikasema, juu ya tumbo, kando ya mshono.
Kimya.
Hodi.
Kungoja milangoni ndiyo kazi yangu.
Kimya. Lakini sikuandika "hakuna mtu".

Usiku wa nne, au wa sita, sikumbuki,
kitu kikajongea mle ndani
kama mtu anayeburuta sapatu kuja mlangoni,
mzito, nusu usingizini, akiuliza: nani?
Mimi.
Karibu, kikasema. Umechelewa.
Kisha joto likapanda, polepole, toka nyayoni,
na kwa mara ya kwanza sikuhesabu vijito.
Sauti niliyoitoa sikuitambua. Paka alishuka kitandani.

Jumanne, Anzori, fundi kufuli wa ngazi za juu,
aliniuliza kama nitakunywa divai naye.
Nikamwambia nitafikiri.
Leo Ijumaa. Ananiona nikipita na daftari langu, hasemi kitu.
Bado nafikiri.
Ni tamu, kufikiri. Sina haraka ya kumeza.