Chupa Thelathini na Moja

Chilewa alikiacha juu ya mita ya maji
siku aliyorudi bweni, Mpwapwa:
kidude cha mkononi, kioo kina ufa kama korongo.
"Shangazi, usikibonyeze hovyo."
Nikakibonyeza hovyo.

Kwanza muziki. Mwembamba, wa kengele,
kama mtu anagonga vijiko kwa adabu.
Kisha Kijapani,
herufi zenye mapaa na madirisha, zimepangana
kama mji nisioalikwa.
Nikasema haya, nasi tuna Kigogo chetu.
Tutaelewana kwa vitendo.

Kijana mwenye nywele za samawati anatoka kwao.
Mama yake kasimama mlangoni.
Nikimsemesha ananiambia neno.
Nikimsemesha tena, neno lile lile.
Mara ya tano nikamwonea huruma.
Hata mimi tangu alfajiri nimesema
"hamsini kwa ndoo"
kwa watu sabini.

Kilichonishtua: hawana hodi.
Kijana anaingia nyumba za watu na viatu vyake,
anafungua makabati, anapasua mitungi
(mitungi! mbele yangu mimi muuza maji!)
anatia mfukoni anachokikuta,
na mwenye nyumba anatabasamu.
Ajaribu hayo Ntyuka.

Halafu vita. Majani matupu, unatembea zako,
mara kioo kinazunguka kama maji yakiingia tunduni
na mbele yako jidudu,
uji wa mtama wenye macho.
Nikakitupa kidude mapajani, nusura nipige yowe.
Nilipokiokota, jidudu lilikuwa linasubiri.
Linasubiri! Linapumua, juu, chini, juu, chini,
limenipa nafasi niamue.
Nikauza ndoo sita, nikarudi. Bado.
Mimi ninayeshinda nikiamua ugomvi wa foleni,
ninayejua jinsi mwanamke mwenye heshima zake
anavyosogeza dumu kwa unyayo
huku akiangalia mawingu yasiyokuwepo,
sijapata kuona wanaoheshimu zamu
kama mazimwi haya.

Upanga niliuuza kwa bahati mbaya.
Ndiyo iko juu, hapana iko chini:
hilo nimejifunza kwa hasara.
Nyumba ya wageni niliitambua kwa mchoro wa kitanda.
Sarafu nane, giza kidogo, kengele,
unaamka huna hata mkwaruzo.
Nikamfikiria Yaledi na goti lake,
miaka mitatu ya kupanda gari kwenda Mvumi na kurudi,
nikaacha kumfikiria.

Sasa nimefika kwa joka.
Ni kubwa hata mkia umebaki nje ya kioo.
Nimekufa mara nne. Kufa kwenyewe ni jambo dogo,
unarudishwa pale ulipolala mara ya mwisho,
umepungukiwa na hela.

Mama Sechelela wa madumu manane,
siku ya tatu hii ananichungulia begani,
akaniuliza, "Na hizo chupa?"

Chupa za dawa. Thelathini na moja.
Kila jioni nazihesabu. Sijafungua hata moja.

"Nazitunza."

"Za lini?"

Nikakosa jibu. Nilitaka kusema kiangazi.
Bibi yangu aliacha kihenge kimezibwa kwa udongo,
mtama wa mwaka mbaya ambao ungekuja.
Alikula kidogo kidogo, akatuambia nasi tule kidogo kidogo.
Tulipokivunja baada ya matanga
ilimwagika unga wa fukusi, mwepesi,
upepo ukauchukua kabla hatujaleta ungo.

Bomba likakoroma, likatema hewa.
Foleni ikaguna.
Joka linapumua. Juu. Chini.
"Zamu ya nani?" mtu akaita kutoka nyuma.

Yangu.

Nikafungua moja.
Zimebaki thelathini. Nimezihesabu.