Upande wa Chini

Olomouc, Februari. Saa nne usiku
Bohdana anakigeuza kisahani robo mduara.
Mbegu ya haradali, ndogo kuliko nukta,
jana homoni ya usingizi iliilegezea mshiko,
ikapasuka. Leo kizizi chake kimelazwa ubavu.

Hakuna jicho ndani yake. Ila, seli kwa seli,
oksini inabadili njia,
inapita milango ya chini, inajaa huko,
inaunong'oneza upande ule: polepole.
Wa juu unarefuka.
Ndiyo kupinda kwenyewe.

Alfajiri anaandika: nyuzi arobaini na mbili.
Anafuta miwani, anacheka peke yake.
Wiki ya tatu tangu ahame kwa Radim,
na bado akiamka
anateremsha miguu upande wenye ukuta.