Wiki ya Nane

Mji huu hunukia uji.
Sisemi kwa fumbo: kiwanda cha nafaka ng'ambo ya mto
hupika usiku kucha, na asubuhi Cedar Rapids nzima
huamka kama nyumba yenye mtoto mchanga.
Nafungua ofisi, chumba namba mia na kumi na nne.
Jina langu mlangoni limekosewa herufi moja.
Mwaka wa sita huu. Nimeliacha.

Wiki ya nane ndiyo yangu.
Wanaletwa na basi la njano kutoka sekondari,
miaka kumi na sita, kumi na saba.
Asubuhi huko kwao wanaomba ruhusa ya kwenda msalani;
mchana hapa wanaitwa wanachuo
na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Wilondja ameketi bila kuvua koti.
Theluji ya kwanza inamyeyukia mabegani.
Namgeuzia kioo cha kompyuta ajionee:
Historia, themanini na tisa.
Uandishi, tisini na moja.
Kemia, hamsini na nne.
"Naona," anasema, kwa sauti ya mtu
aliyeonyeshwa eksirei ya mtu mwingine.

Ninayo maneno yangu, nimeyasema leo mara tisa:
mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni;
ukijitoa, alama haihesabiwi,
ila kwenye matokeo, mahali pa kemia, itakaa W,
na W hiyo haifutiki.
"Kama ya jina langu," anasema.
Sicheki. Alitaka nicheke.

Nafungua mahudhurio.
Jumatatu yupo. Jumatano yupo. Alhamisi yupo.
Jumanne, siku ya maabara, pengo, pengo, pengo,
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.
"Jumanne kuna nini?"
Anavuta zipu ya koti juu, anaishusha.
Kisha kwa Kiswahili, ambacho hajawahi kukitoa humu ndani:
"Jumanne ni mama."

Mama anaugua kifua. Kliniki ni saa saba.
Daktari anasema, yeye anageuza;
mama anasema, yeye anageuza.
Kuna siku daktari alitamka neno
naye akalimeza, akamwambia mama: "Amesema upumzike."
Neno hilo amekaa nalo tangu Septemba.
Gramu na moli zitapata wapi pa kukaa?

Fomu ya kujitoa iko kati yetu, rangi ya waridi.
Chini kabisa inadai saini ya mzazi.
"Na hii nani atamsomea?"
Anatazama viatu. Tunajua wote wawili.

Nililelewa kwa methali, Korogwe; zinanijia kama chafya.
Mvumilivu hula mbivu, inaniwasha puani.
Naizuia. Mtoto huyu amevumilia,
na mbivu hapa huuzwa kwenye kopo.

Nainua simu.
Dakika kumi na mbili za kinanda cha kusubirisha watu.
Nasema: mgonjwa wenu wa Jumanne, saa saba,
ana haki ya mkalimani. Bila malipo. Mtu mzima.
Wananiambia subiri. Nasubiri.
Wanasema haya.

Nilidhani atashusha mabega.
Anauliza: "Huyo mkalimani ni wa wapi?
Mama akisema moyo umemchafuka,
atajua kwamba si moyo, ni tumbo?"

Hilo halina kisanduku kwenye fomu yoyote.
Namwambia: basi mwandikie. Maneno ya mama,
moja moja, na maana yake. Umpe huyo mgeni.

Anachukua kalamu yangu. Anaigeuza fomu ya waridi
na kuanza kuandika mgongoni mwake, safu mbili,
alama upande huu, jina upande ule,
kama wanavyofundishwa kuziandika elementi.
Basi linapiga honi. Hasikii.

Kemia bado ni hamsini na nne.
Mwanafunzi wa kumi na moja anabisha hodi.
Namwambia: ngoja kidogo, kuna mtu anaandika.