Waya wa Vichwa Viwili

Kalunde hakunipa pole. Alinyoosha mkono,
akaipokea diski ikiwa bado imeviringishwa kanga,
akaitikisa karibu na sikio
kama anayekagua yai viza.

Vumbi la Isevya lilikuwa limeketi juu ya kila kitu:
pasi, simu zilizokufa, redio isiyo na mgongo.

Alichomeka. Taa ikawaka, ikafifia.
Tk. Tk. Tk.
Ndani ya kile kiboksi kitu kilijaribu kusimama,
kikaanguka, kikajaribu tena.
"Imekufa?"
"Ina njaa," akasema. "Tundu moja halimshibishi huyu.
Ulikuwa unamlisha kwa kijiko cha chai."

Miezi minane nilikuwa nachomeka nyumbani,
nasikiliza mlio ule, nachomoa,
nalia kidogo, narudi kuchambua maharage.
Nilidhani ni kaka yangu Sizya anagonga.
Kumbe ni ampea.

Akapekua kopo la maziwa ya unga, akatoa
waya mfupi, mnene, wenye vichwa viwili:
kimoja cha kubeba maneno na nguvu kiasi,
kingine cha nguvu tupu.
Tundu la kushoto. Tundu la kulia.
Diski ikanyamaza, kisha ikavuma kwa mbali
kama mzinga wa gome ukiuwekea sikio.

Na umeme wa Tabora ukakatika papo hapo.
Betri ya kompyuta: asilimia kumi na nne.
"Inalisha wawili sasa," akasema Kalunde. "Chagua."

Harusi yangu ilikuwa mle. Mahafali yake.
Vichwa vya treni, picha mia tatu,
kila kimoja na namba yake.
Nikagusa faili lisilo na jina, lenye tarehe tu,
Machi, siku ya mvua:
Mama anachuja asali, anakohoa,
anamgombeza, zima hilo lidude uje ushike chujio,
naye anacheka, hazimi.

Kijani kikatambaa kuelekea kwenye flashi.
Asilimia tisa. Sita.
Muuza karanga alichungulia, akaona sura zetu,
akaenda zake.
Ikafika.

Nikapeleka mkono kuvuta waya.
Kalunde akanishika.
"Usimng'oe. Muage kwanza. Bonyeza hapo,
akikwambia ni salama, ndipo."

Nikabonyeza. Tukasubiri atulie.
Alichukua muda wake,
huyu ambaye mara ya kwanza aliondoka
bila hata kurudisha mlango.

Elfu nane, pamoja na waya.